Wateja wananiita Bi. Ijumaa

Mzee,

Nakuandikia saa tano usiku nikiwa bado ofisini hapa Kilimani. Askari wa mlangoni ameshapanda mara mbili kuniuliza kama nafunga. Mimi ni msimamizi wa miradi katika kampuni ndogo inayotengenezea sacco mifumo ya kompyuta: akaunti za wanachama, mikopo, makato ya mishahara, gawio la mwisho wa mwaka. Tuko saba. Wanne wanaandika programu, mmoja anabuni kurasa, mmoja anajaribu kila kitu kabla hakijamfikia mteja, nami ndiye ninayepokea simu.

Simu ndizo zinazonimaliza. Mteja akiuliza, "Madam, itakuwa tayari lini?" mdomo hujibu "Ijumaa" kabla kichwa hakijafikiri. Sijui kwa nini Ijumaa. Labda kwa sababu iko mbali kidogo lakini haitishi. Ijumaa ikifika nasema Jumanne, Jumanne ikifika nasema tunamalizia tu. Wiki jana tulikuwa na kikao cha mtandaoni na sacco moja ya walimu. Mwekahazina wao alisahau kuzima maikrofoni, nikamsikia akimwambia mwenzake, "Ngoja, Bi. Ijumaa ameingia." Nilicheka pamoja nao. Baadaye nilienda msalani nikalia.

Si kwamba watu wangu ni wavivu. Kila mmoja ana kazi tatu au nne mkononi na wawili walikuwa hapa Jumapili. Bosi wetu ni mtu mwema, lakini akitoka kula nyama na mteja kule Kenyatta Market hurudi na kazi mpya ikiwa na tarehe yake tayari: "Nimewaambia wiki mbili, ni kitu kidogo tu." Nasi tunaianza siku hiyo hiyo, ili mteja akiuliza tumwambie imeanza.

Leo kabla ya kuandika nimehesabu ubaoni, pale tunapobandika kila kazi kwenye safu ya hatua iliyofikia. Kuna kazi 24 zilizoanzwa na hazijaisha. Kumi zinaandikwa, tisa zinangoja kujaribiwa, tano zinangoja majibu ya wateja wenyewe. Kwa wiki 13 zilizopita tumekabidhi kazi 52, kwa hivyo hatujalala.

Sasa wale walimu wana mkutano mkuu Jumamosi, siku 19 kutoka leo. Wanataka hesabu ya gawio, taarifa ya kila mwanachama, na ujumbe wa simu kwa wanachama wote. Nimeshawapa Ijumaa mbili na zote zimepita. Bosi anasema tuajiri vijana wawili tuongeze kasi. Mwenzetu anayejaribu kazi ameanza kutafuta ajira kwingine, nimeona kwenye skrini yake. Mama yangu hupenda kusema ahadi ni deni. Kwa hesabu hiyo mimi nimeshafilisika. Nifanye nini?

Bi. Ijumaa, Kilimani

*

Binti yangu,

Nimesoma barua yako nikiwa na kikokotoo kando. Mama yako amesema kweli, ila kuna swali hakukuuliza: deni hilo ulilichukua kwa akiba gani?

Wewe unaishi na watu wa sacco. Mwanachama akija dirishani akitaka laki sita, karani hamtazami usoni kuona kama ni mtu wa kuaminika. Anafungua akaunti aone akiba, maana sacco nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba, kisha anataka hati ya mshahara na wadhamini. Mfumo mnaoutengeneza ninyi wenyewe ungelikataa ombi lisilo na hayo. Lakini kila siku unagawa Ijumaa bila kufungua akaunti yoyote.

Basi tuifungue, kwa kuwa namba zote umenipa. Kazi 52 kwa wiki 13 ni kazi nne kwa wiki. Zilizo wazi ni 24. Gawanya 24 kwa nne upate sita. Kazi inayoingia kwenu leo itakaa humo ndani, kwa wastani, wiki sita. Bosi anasema wiki mbili, wewe unasema Ijumaa, na muda wote huo ubao umekuwa ukisema wiki sita.

Hesabu hiyo si yangu. Mmarekani mmoja, John Little, aliithibitisha mwaka 1961 katika elimu ya foleni: idadi ya vilivyomo ndani ni kasi ya kutoka mara muda ambao kila kimoja hukaa, vyote kwa wastani. Haijali kama foleni ni ya benki, ya kliniki au ya kazi za kompyuta. Ina sharti moja, kwamba mambo yawe yametulia kiasi, yaani yanayoingia yasiyazidi mno yanayotoka. Kwenu nashuku yanazidi, kwa hivyo hizo wiki sita zina huruma ndani yake.

Ukitaka ziwe tatu, una njia mbili. Ya kwanza ni kukabidhi kazi nane kwa wiki badala ya nne, na sijui utaitoa wapi kasi hiyo kwa watu ambao tayari wanakuja Jumapili. Ya pili ni kuwa na kazi 12 zilizoanzwa badala ya 24. Hiyo ya pili haitakugharimu hata shilingi, na ndiyo itakayokutoa jasho zaidi. Nitakwambia kwa nini.

Kabla sijawa mtu wa kuandikiwa barua, nilisimamia meza ya oda katika kiwanda cha uchapishaji Industrial Area. Kila Novemba Nairobi nzima hutaka kalenda. Mawakala wetu walileta oda kutoka benki, makanisa, maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road, na kila mteja aliambiwa "wiki ijayo". Mashine za kuchapa zilinguruma usiku na mchana, na tajiri wetu akipita alifurahi kusikia mngurumo. Lakini mashine ya kukatia karatasi ilikuwa moja, na mkataji alikuwa mzee mmoja mtaratibu aliyekataa kuharakishwa, na alikuwa na haki, kwa sababu mashine ile hula vidole. Kufikia katikati ya Desemba, karatasi zilizochapwa zilijaa sakafuni mpaka tukawa tunatembea upande upande kama kaa. Kalenda za shule moja zilizama chini ya marundo hayo. Tulizipata Januari 20. Mwalimu mkuu alizichukua bila neno, akaniambia zitafaa kufungia mandazi. Mpaka leo kauli hiyo huniamsha usiku.

Mwaka uliofuata niliomba ruhusa ya kujaribu jambo moja: rundo linalongoja kukatwa likifika paleti nne, mashine za kuchapa zinazimwa. Siku ya tatu tu tajiri aliingia, akakuta wachapaji wamekaa juu ya makreti wakinywa chai, akanifokea mbele ya watu. Nilidhani nimefutwa. Kisha wachapaji wenyewe, kwa kuona haya ya kukaa bure, wakaenda kwa mzee mkataji, wakamsaidia kupanga karatasi, kuhesabu na kufunga. Yeye akabaki na kazi ya kukata tu. Krismasi ile tulilala makwetu.

Nakusimulia hili kwa sababu mkataji wenu ni huyo anayetafuta ajira kwingine. Kazi tisa zinamngoja mtu mmoja, na waandishi wanne nyuma yake wanaendelea kumrundikia, kila mmoja akiamini amefanya bidii. Kesho asubuhi waambie hakuna anayeanza kazi mpya mpaka rundo lile lishuke hadi tatu. Wakiuliza watafanya nini, jibu ni kwamba watajaribu kazi. Kila mmoja ajaribu iliyoandikwa na mwenzake, asiguse ya kwake, maana mtu haoni kosa la mkono wake. Atawaongoza yeye mjaribu. Zungumza naye kabla ya kikao, peke yake, umwombe awafundishe wenzake anachotazama. Siwezi kukuahidi kwamba atabaki. Lakini mtu aliyeelemewa peke yake miezi kadhaa, siku akiona wanne wamegeuka kumsaidia, hufikiri upya.

Kule Toyota, Taiichi Ohno aliweka utaratibu wa aina hii kwa kadi: kituo cha nyuma hakitengenezi kitu mpaka kituo cha mbele kilete kadi ya kukiomba. Kadi hiyo Wajapani huiita kanban, na ubao wenu, hata kama hamkujua, umezaliwa na kadi hiyo. Kosa ni kwamba mmechukua ubao mkaacha kikomo. Andika namba juu ya kila safu kwa kalamu nyekundu. Tuseme sita kwa zinazoandikwa, tatu kwa zinazojaribiwa, tatu kwa zinazongoja wateja. Jumla 12. Namba ikijaa, safu imefungwa.

Hizo tano zinazongoja wateja usizifiche pembeni kana kwamba si zenu. Wengi hufanya hivyo ili ubao uonekane msafi, na hapo hesabu yote huharibika. Mpigie mteja, umwambie siku gani unahitaji jibu lake na kwamba siku hiyo ikipita kazi yake inarudi kwenye foleni nyuma ya wengine. Mwambie mapema, kwa upole, na umwandikie.

Sasa turudi kwa Ijumaa yenyewe. Sisi watu wa Nairobi tuna ugonjwa wetu. Mtu bado anaoga Rongai, nje ya jiji, na anakwambia amefika Nyayo Stadium, karibu na katikati ya mji. Wala hana nia mbaya. Anatafuta jibu litakaloifanya simu ikatike kwa amani. Ijumaa yako ni Nyayo Stadium, binti yangu. Na mteja anajua, ndiyo maana amekupa jina.

Lakini kuna sababu nyingine isiyo ya adabu. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza kwamba mtu akiulizwa kazi itachukua muda gani, huingia ndani ya kazi yenyewe: nitafanya hiki, kisha kile, halafu nimalize. Hatazami zile za aina hiyo alizokwisha kuzifanya zilichukua muda gani. Ndani ya kichwa umeme haupotei, mteja hajibadilishi, mtoto haugui. Bosi akisema "kitu kidogo" hadanganyi. Anasimulia kazi kama ingefanywa chumbani, mlango umefungwa, simu imezimwa.

Dawa yake ni karatasi moja. Chukua kazi 20 za mwisho mlizokabidhi. Kwa kila moja andika idadi ya siku za kazi, bila wikendi, tangu mtu wa kwanza alipoianza mpaka mteja alipokubali kuipokea. Usihesabu mpaka siku mwandishi aliposema "nimemaliza", kwa sababu neno hilo lina maana nyingi. Zipange kutoka ndogo hadi kubwa. Nenda kwenye ya 17. Tuseme ni siku 38. Maana yake kazi 17 kati ya 20 zilikwisha ndani ya siku 38. Hiyo ndiyo akiba yako, na hapo ndipo unapokopesha. Ukitoa tarehe kwa kutazama ya kumi, nusu ya wateja wako watalia. Ukiitoa kwa kutazama ya tatu, kama unavyofanya sasa, watalia karibu wote.

Mteja akipiga simu, jibu lako lisikike hivi: "Kazi za aina hii, 17 kati ya 20 huwa tunazikabidhi ndani ya siku 38 za kazi tangu tuzianze. Yako itaanza Jumatatu ijayo. Nitakupigia siku ya 20 nikueleze ilipofika." Utaona ni refu kuliko "Ijumaa". Huenda mteja akakasirika. Mwache akasirike siku ya kwanza, akiwa bado na nafasi ya kupanga mambo yake, kuliko siku ya mwisho akiwa amesimama mbele ya wanachama. Na hiyo siku ya 20 piga, hata kama huna jipya. Hasa kama huna jipya.

Wewe mwenyewe ukumbuke kwamba tatu kati ya 20 zitapita tarehe. Huwezi kujua mapema zipi, lakini unaweza kuziona zikizeeka. Vikao vyenu vya asubuhi, kama ni vile ninavyovijua, kila mtu husimulia alichofanya jana huku wengine wakitazama simu zao. Acheni hilo. Anzeni na kazi iliyokaa siku nyingi zaidi ubaoni na muulizane jambo moja: leo nani anaisogeza? Kisha inayofuata kwa umri. Dakika kumi zinatosha. Hesabu ya zile 20 irudie kila mwezi, kwa kuwa kikomo kikishika, namba ya 17 itapungua, na hutaki kuendelea kuwatisha wateja kwa muda wa zamani.

Bosi sasa. Usimwendee na malalamiko. Mwendee na karatasi ya zile 20 na umwombe ajibu swali moja kila anaporudi kutoka kwenye nyama: hii mpya ikiingia, ipi inatoka? Mwachie uamuzi, maana kampuni ni yake. Ila kuchagua si hiari. Mshika mbili moja humponyoka, na ninyi mmeshika 24. Akisema watu wana nafasi, mkumbushe jambo analolijua kwa kazi yake: Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu makato yazidi theluthi mbili ya mshahara, hata kama mfanyakazi mwenyewe ana hamu ya kukopa zaidi. Mtu lazima abakiwe na kitu cha kuishi. Timu nayo ni vivyo hivyo. Hitilafu ya dharura ikitokea kwa mteja Jumatatu asubuhi, nani ataishika kama kila saa ya kila mtu imeshawekwa rehani? Umejionea barabara zetu saa kumi na mbili jioni. Lami imetumika yote, hakuna hata futi moja iliyokaa bure, na hakuna gari linalosogea.

Kuhusu vijana wawili, asiajiri mwezi huu. Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa OS/360, mfumo wa kuendeshea kompyuta, kule IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi. Anayewafundisha wageni ni yule yule aliyelemewa. Ubao ukitulia, na mkiona bado foleni iko kwa mjaribu, ajiri mjaribu wa pili. Mimi mwandishi wa tano nisingemtaka hata bure.

Wale walimu hawana siku 38, na mkutano mkuu hausogezwi kwa ajili yako. Tarehe ikiwa chuma, kinachopungua ni mzigo. Wameomba vitu vitatu lakini mkutano unahitaji viwili. Bila hesabu ya gawio hakuna cha kujadili, na bila taarifa ya kila mwanachama walimu watazusha maswali kutwa nzima. Ujumbe wa simu unaweza kufuata wiki ya pili baada ya mkutano na hakuna atakayekosa usingizi. Waweke waandishi wawili na mjaribu kwenye hesabu ya gawio peke yake, bila kazi nyingine yoyote, na bosi atie sahihi kwamba kazi zao nyingine zimesimama. Siku saba kabla ya mkutano mkae na mwekahazina mlinganishe hesabu ya wanachama kumi aliowachagua yeye, kwa mkono, shilingi kwa shilingi. Ikikataa, bado ana wiki nzima ya kukokotoa kwenye jedwali la Excel. Mwombe aliandae hilo jedwali kuanzia sasa, na usione haya kuomba.

Mpigie wewe kabla hajakupigia. Mwambie ulikosea kutoa tarehe bila kuhesabu, kipi atapata, kipi hatapata kabla ya mkutano, na siku mtakayokaa pamoja. Usimtaje bosi wala mjaribu. Maikrofoni usiitaje pia. Akitaka kukuita Bi. Ijumaa, itika.

Ukipata nafasi, hata wiki ijayo, nitumie namba yako ya 17. Nimebahatisha 38, nami nina hamu ya kujua nimekosea kwa kiasi gani.